Winga wa Chini

Juzi nilikuwa Mbinga mjini kufuata mbolea, mvua ikanikimbiza mpaka ndani ya banda la mpira. Mle ndani wanaume kama ishirini walikuwa wanabishana mpaka mate yanaruka. Mmoja anasema winga akae upande wa mguu wake, akimbie na mstari, apige krosi, basi. Mwingine kapanda juu ya benchi, anasema hayo ni ya zamani, winga wa siku hizi anabadilishwa upande: mwenye mguu wa kushoto anawekwa kulia, mwenye wa kulia anawekwa kushoto, ili akipata mpira aingie ndani apige golini mwenyewe. Walifika mahali pa kutukaniana wazazi kwa ajili ya miguu ya watu ambao hawajawahi kukutana nao. Mimi nimesimama mlangoni, kanga imelowa, nasikia hasira inanipanda. Mwenye banda akaniuliza, "Mama, unamtafuta mtu?" Nikamwambia simtafuti mtu, nasubiri mvua ikatike.

Uongo mtupu. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniuliza. Katika banda lile lote, aliyewahi kucheza winga kulia na kushoto katika mechi moja, Jumapili hata Jumapili, kwa zaidi ya miaka kumi na minne, ni mimi peke yangu. Hakuna aliyeuliza, maana mwanamke aliyelowa na mfuko wa mbolea anajua nini. Haya, nitasema hapa. Na nitasema kwa hasira, kwa sababu upole niliujaribu na haukunisaidia kitu.

Kijiji chetu kiko huku juu milimani, ukitoka Litembo unatembea saa nzima kwa njia ya miguu, bodaboda wenyewe wakifika darajani wanakushusha na kukutakia safari njema. Huku kwetu mahali tambarare ni sakafu ya kanisa. Kwingine kote unasimama mguu mmoja juu na mwingine chini. Ndivyo tunavyolima, ndivyo tunavyochuma kahawa, na ndivyo tunavyocheza mpira.

Uwanja wetu umelala ubavuni mwa mlima. Ukisimama katikati ukatazama goli la upande wa kigango, lile kanisa letu dogo, kushoto kwako ni juu, kuna ukingo wa udongo na mibuni ya watu. Kulia kwako ni chini. Mstari wa chini ukiisha kuna hatua tatu za majani, halafu zinaanza ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia yaliyopangwa mlima mzima, ambayo mvua ikinyesha maji yanatulia humo badala ya kuondoka na udongo. Mpira ukitoka upande huo unaruka shimo la kwanza, la pili, la tatu, ukiwa na bahati unanasa kwenye la nne. Usipokuwa na bahati unaukuta mtoni. Na sheria yetu, iliyokuwepo kabla sijazaliwa, ni moja: aliyeutoa aufuate. Hakuna cha kumtuma mtoto. Msimu wa maharage unashuka ukiruka kutoka ukingo hadi ukingo, mwenye shamba kasimama juu anakuhesabia kila mche uliogusa.

Kwa sababu hiyo sisi hatuna winga wa kulia na winga wa kushoto. Tuna winga wa juu na winga wa chini. Winga wa chini ni mtu aliyefundwa na mteremko. Mpira wowote ukija kwake unataka kwenda zake, kwa hiyo anauzuia kwa mguu ulio upande wa chini, mwili kauegemeza juu, halafu anakimbia na mstari na kuupandisha kwa krosi. Haingii ndani. Kuingia ndani kutoka chini ni kupanda mlima huku mabeki wanakushukia, ukijaribu mara moja hurudii. Anayeingia ndani ni winga wa juu, yeye mlima unamsukuma, akipata mpira anateremka nao mpaka golini.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye jambo. Mapumziko yakiisha timu zinabadilishana magoli, kama kila mahali duniani. Lakini mawinga wetu hawahami mstari. Wa chini anabaki chini, wa juu anabaki juu. Kwa hiyo kipindi cha kwanza, tukishambulia kigangoni, mimi winga wa chini nilikuwa kulia. Kipindi cha pili, tukishambulia upande wa mikaratusi, nilikuwa kushoto. Mguu wangu wenye nguvu ni wa kushoto, nimezaliwa nao, lakini wa kulia nao umefundishwa kazi kwa lazima. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye ua mmoja, alikuwa winga wa juu. Miaka yote hiyo tumecheza pande mbili za uwanja tukipeana mipira kwa macho, na hatukuwahi kukaa chini kuulizana nani kulia nani kushoto.

Halafu akaja kocha.

Alikuwa kijana wa mjini, umri wake chini yangu miaka mitano hivi, alikuja kukaa kwa shangazi yake akajitolea kutufundisha. Alikuwa na filimbi, koni sita za rangi ya chungwa na cheti cha mafunzo ya wiki mbili, na kwenye simu yake alikuwa na vipande vya mechi za Ulaya. Tulimpokea vizuri. Tulimpikia. Mimi mwenyewe nilimpelekea mkungu wa ndizi, na mpaka leo naukumbuka mkungu ule kwa uchungu.

Tulimpokea vizuri kwa sababu alikuja na habari. Alisema kuna kombaini ya wanawake inaundwa, timu ya wachezaji waliochaguliwa vijiji mbalimbali, itakwenda kucheza Songea, kwenye uwanja wa nyasi wenye jukwaa, na wateuzi watakuja Ngumbo, kule ziwani, kututazama tukicheza na wanawake wa pwani ile. Aliposema kombaini moyo wangu uliruka. Nilipokuwa darasa la saba niliwahi kuchaguliwa kombaini ya shule, jina langu likasomwa mbele ya shule nzima, nikakimbia nyumbani kumwambia baba. Baba akaniuliza nani atachuma kahawa. Sikwenda. Nikaolewa, nikazaa wawili, nikafika miaka thelathini na moja, na ndani yangu kulikuwa na jambo moja tu halijaisha: nisikie jina langu likisomwa tena, na safari hii niende. Sikuficha. Nilimwambia mume wangu, nilimwambia wifi, nilimwambia hata padre.

Siku ya kwanza ya mazoezi yule kijana akatupanga mstari, kashika karatasi. Akawa anauliza mmoja mmoja, "Wewe mguu gani?" Wakawa wanajibu, wa kulia, wa kulia, wa kulia. Akafika kwangu.

"Wewe mama, mguu gani?"

Nikamjibu kama ninavyojua mimi. "Wa chini."

"Wa nini?"

"Wa chini, kocha. Mimi ni winga wa chini."

Jamani, yule kijana alicheka! Alicheka mpaka akachuchumaa, karatasi ikamwanguka. "Mguu wa chini! Kwani kuna mguu wa juu? Mama, ule wa juu si unaitwa mkono?" Na wenzangu, Mungu awasamehe, wakacheka naye, hata wale ambao wanajua vizuri winga wa chini ni nani. Wifi alicheka kidogo akaangalia pembeni. Nikasikia masikio yanawaka. Nikasema, "Wa kushoto." Akaandika. Jioni hiyohiyo akaisimulia dukani, na wiki nzima nikipita na jembe langu nasikia watu wanasema, "Mguu wa Chini huyo, anakwenda shamba."

Ningeweza kueleza. Ningemshika mkono nikamsimamisha pale kwenye mstari nikamwachia mpira, angeelewa kwa dakika moja. Sikueleza. Nilinuna. Mimi nikinuna nanuna kwelikweli, mume wangu atakwambia.

Kocha akatangaza mpango wake. "Winga wa kisasa anabadilishwa upande. Wewe wa kushoto unakwenda kulia. Huyu wa kulia anakwenda kushoto. Mpira ukifika, ingia ndani, piga. Mambo ya kukimbia na mstari hadi kwenye kibendera yamepitwa na wakati." Akatuonyesha kwenye simu, mtu anaingia ndani anapiga, anaingia ndani anapiga. Uwanja wa kwenye simu umenyooka kama meza.

Nikamwambia, kwa heshima, "Kocha, huku kuna mlima."

"Mpira ni uleule popote, mama."

Popote! Aka! Kipindi cha kwanza cha mazoezi mimi nikawa kulia, yaani chini, mahali pangu, ila kila nikipata mpira ananipigia filimbi: "Ndani! Ndani!" Naingia ndani napanda mlima, mabeki wananiangukia kama magunia. Kipindi cha pili akatuhamisha kweli. Mimi nibaki winga wa kulia, maana yake nipande juu, na wifi winga wa kushoto ashuke chini. Wifi hajawahi kucheza chini maisha yake. Mpira wa kwanza ukampita. Wa pili ukampita. Kufika wa tano alikuwa ameshashuka kwenye ngoro mara tano, anahema, sketi imejaa matope, na mama mwenye shamba la maharage kapanda na jembe mkononi anauliza ni nani aliyeuza shamba lake liwe uwanja. Unajua kocha alisema nini? Alisema hatuna nidhamu. Aliusogelea mstari wa chini akasimama pale pale panapoteremka, mguu mmoja juu na mmoja chini, akatuambia tatizo letu ni la kichwani.

Hivyo ndivyo tulivyofanya mazoezi mwezi mzima. Nikasema moyoni, vumilia, yeye ndiye atakayeongea na wateuzi, jina lako liko mdomoni mwake. Nikavumilia. Nilimwitikia "sawa kocha" mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwitikia mume wangu.

Siku ikafika. Tulipanda lori la mahindi alfajiri, tukapita Mbinga, tukateremka mpaka Mbamba Bay, masikio yanaziba kwa mteremko, halafu tukafuata ziwa kwenda Ngumbo. Wengi wetu ziwa tulikuwa tunalijua kwa kuliona kutoka juu, siku za mbingu safi. Watu wa Ngumbo walitupokea kwa ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lao, wa kukaanga, wakatucheka tulivyokuwa tunatembea tukiinua magoti juu kama bado tunapanda. Utani wa kawaida, tukawarudishia wa kwao. Sikukasirika hapo.

Uwanja wao uko mchangani. Mstari mmoja uko karibu na maji kabisa, wimbi likija linafuta chokaa. Mstari wa pili uko upande wa milima, kando ya vichanja vya kuanikia usipa. Wenyewe wanauita tambarare. Kocha alifurahi, akapiga makofi, "Mnaona sasa? Hakuna mlima hapa, hakuna kisingizio!" Lakini mimi nilivua raba nikakanyaga, na miguu yangu ikaniambia kitu kabla macho hayajaona. Mchanga ule unateremka kuelekea majini. Kidogo sana, mtu wa mjini hawezi kujua. Halafu upande wa maji mchanga umelowa, mgumu, mpira unakimbia wenyewe. Upande wa vichanja ni mchanga mkavu unaomeza miguu hadi vifundoni. Nikamwangalia wifi. Naye alikuwa anakanyaga anakanyaga, ananiangalia.

"Wifi," akasema, "huku ni chini."

"Naona."

Kocha alikuwa anatuita.

Kipindi cha kwanza tulishambulia kusini, kwa hiyo ziwa lilikuwa kulia kwetu. Mimi winga wa kulia nikawa kando ya maji, kwenye mchanga mgumu, mahali ambapo ungeniachia nikimbie kwa kunyooka ningefika kule mwisho beki hajageuka. Lakini nimeagizwa niingie ndani. Nikaingia ndani. Nikakuta wanawake wanne wa Ngumbo, mapaja yao yamekomazwa na kuvuta nyavu, wakanichukua mpira kwa upole wakanisukuma nikakaa chini. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu beki wao mmoja akaniambia, "Dada, mbona unatuletea tu?" Kule upande wa vichanja wifi alikuwa akiingia ndani kwa mguu wa kulia vizuri, ila kipa wao alishamjua. Wakatufunga moja. Pembeni, chini ya mwavuli, walikaa wateuzi watatu, wanaume wawili na mama mmoja mtu mzima mwenye daftari, na yule mama nilimwona kila nikianguka anainama anaandika.

Mapumziko yalikuwa mafupi. Kocha akafoka mpaka sauti ikakwaruza, akasema kipindi cha pili ni vilevile, niingie ndani haraka zaidi. Refa akapiga filimbi. Nikanyanyuka, nikanawa uso ziwani, nikaenda kusimama mahali pangu. Wifi akaenda kusimama mahali pake.

Mahali pangu palikuwa palepale. Kando ya maji. Chini.

Timu zilikuwa zimebadilishana magoli, tunashambulia kaskazini, kwa hiyo winga wa kulia alitakiwa aende vichanjani. Sikwenda. Wala wifi hakuja majini. Hatukukonyezana, hatukupanga, hatukumwasi mtu. Miguu ilikwenda ilikokwenda kila Jumapili miaka kumi na minne. Mpira wa kwanza ulivyonijia ulikuwa unateleza kuelekea majini, nikauzuia kwa mguu wa kushoto, wa chini, mwili nimeuegemeza mlimani, na hapo mwili wangu wote ukanishukuru. Nikakimbia na mstari, maji yananirukia. Beki anasubiri niingie ndani, si ndivyo nilivyowazoesha? Sikuingia. Nikafika kwenye kibendera, nikaupandisha kwa kushoto, na wifi alikuwa ameshatoka kwenye mchanga mkavu anateremka kuja golini kama anavyoteremka kwetu kutoka kwenye mibuni. Goli. Akina mama wa Ngumbo wenyewe walipiga vigelegele. Nilimwona kocha kwenye mstari anatupa mikono, mdomo wazi, upepo wa ziwa unabeba maneno yake. Nilidhani anashangilia. Nikampungia mkono.

La pili lilikuja hivyohivyo, karibu na mwisho. Maji, kibendera, krosi, wifi. Nilipogeuka kumtazama kocha alikuwa amekaa chini.

Filimbi ya mwisho ilipolia tu alikuja kwangu mbio, mbele ya watu, wenyeji wanaona, wateuzi wanaona. "Nani amewaambia mhame? Nani? Mwezi mzima nawafundisha, mnaniaibisha! Vichwa vigumu nyinyi, mmezoea majembe!" Mimi nahema, goli mbili, jasho linanitoka, na mtu ananitukania jembe linalomlisha. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, wateuzi wakawa wamefika.

Yule mama mwenye daftari alikuwa anatabasamu. Tukamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, "Marahaba wanangu, poleni na jua." Halafu akamgeukia kocha. "Mwalimu, hilo la kubadilisha mawinga kipindi cha pili tumelipenda. Umewavuruga kabisa. Ni mbinu yako?"

Na yule kijana, mate ya matusi hayajakauka mdomoni, akajinyoosha. "Ndiyo, mama. Nimewafundisha mwezi mzima."

Nimeshuhudia watu wakidanganya msibani, nimeshuhudia watu wakidanganya kanisani, lakini uso unaogeuka haraka hivyo sijauona tena. Mama yule, sijui kama alihisi jambo, akatugeukia sisi. "Ni kweli, wanangu? Ni mwalimu aliyewaambia?"

Wifi akaangalia mchanga. "Ndiyo, mama," akasema kwa sauti ya chini.

Mama akaniangalia mimi. Na nilikuwa nayo, nakuapia, nilikuwa nayo yote mdomoni. Kwetu kuna mlima. Kwetu winga hana kulia wala kushoto, ana juu na chini, na huku kwenu chini ni majini, miguu yetu imeona. Ilikuwa maneno ya nusu dakika. Lakini nikamwona kocha pembeni, nikakumbuka alivyochuchumaa na kucheka, nikaisikia ile "mguu wa chini" inazunguka kijijini wiki nzima, na hawa wateuzi wawili wanaume wamevaa miwani ya jua wananisubiri. Nikaona nikilitamka watacheka wote. Na hapohapo sikutaka yule mwongo aondoke na mbinu yetu. Hasira na aibu zikagombana, nikashika neno la kwanza lililokuwa karibu.

"Hakuna aliyetuambia," nikasema. "Tulisahau tu kuhama."

Wale wanaume wakacheka, si kwa ubaya. Kocha naye akacheka, akatikisa kichwa kama mtu aliyechoka kulea. "Si mnaona ninavyohangaika nao?" Mama hakucheka. Aliniangalia kidogo, akasubiri niendelee. Sikuendelea. Akainama akaandika kitu kifupi.

Majina yalisomwa palepale, chini ya mwavuli. Watatu kutoka timu yetu. Wifi alikuwa wa kwanza. Jina langu halikuwemo. Na mwisho mmoja wa wale wanaume akatangaza kwamba mwalimu wetu naye wanamwomba aende Songea, awe msaidizi wa kocha wa kombaini, kwa sababu ya mbinu zake.

Tukapanda lori kurudi. Wifi alinishika goti mara moja nikalitoa. Wengine waliimba hadi Mbinga. Mimi nilikuwa natazama nyuma tulikotoka, ziwa linapungua, na nilikuwa namlaani yule kijana kwa lugha zote mbili ninazozijua.

Wifi alikwenda Songea, akakaa majuma matatu. Aliporudi alinikuta jikoni napembua maharage, akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Alisema uwanja wa Songea ni mzuri, nyasi, umenyooka, ukiweka mpira chini unakaa. Nikamwambia hongera. Alisema kocha wetu anawabadilisha mawinga kila kipindi cha pili, kulia aende kushoto, kushoto aende kulia, kila mechi, hata wakiwa wanashinda. Winga mmoja aliyetoka kijiji cha Tingi alimuuliza kwa nini, akamjibu ni sayansi.

Nikacheka kwa hasira mpaka maharage yakamwagika. "Na wewe hukumwambia kitu?"

"Nimwambie nini, wifi?"

"Ukweli! Umekaa majuma matatu na mwizi, anatumia kitu chetu mbele yako hajui hata ni cha nini, anakipeleka kwenye uwanja usio na mteremko, na wewe umefunga mdomo. Wakikuuliza mguu gani ulisema nini?"

"Nilisema wa kulia."

"Unaona? Umetukana nyumbani kwenu."

Wifi si mtu wa kelele. Aliinama akaanza kuokota maharage sakafuni, punje moja moja. Akasema bila kuniangalia, "Mimi nilisema ni mwalimu, kwa sababu nilitaka kwenda. Nilidanganya, najua. Lakini yule mama alikugeukia wewe akakuuliza, wifi. Akasubiri. Wewe ndiye uliyesema tulisahau."

Akamaliza kuokota, akaniwekea maharage kwenye ungo, akaondoka kwenda kuvua viatu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulicheza. Alipanda juu, nikashuka chini, mapumziko yakaja yakaisha, hatukuhama. Tunacheza hivyo mpaka leo na nina hasira mpaka leo, na sitaki mtu aniambie nisamehe. Yule kijana nimemkasirikia vya kutosha, yeye alichukua kilichoachwa mezani. Niliyekiacha ni mimi. Nilikuwa na goli mbili miguuni na sababu yake mdomoni, nikaona haya kwa ajili ya kicheko cha mtu mwenye koni sita.

Kwa hiyo nyie wa bandani, winga abadilishwe upande au asibadilishwe, vueni kwanza viatu mkanyage mahali penyewe. Na wewe mama mwenye daftari, kama bado unalo, lifungue mahali ulipoandika siku ile Ngumbo. Ulisubiri na mimi sikuendelea. Naendelea sasa. Hatukusahau, mama. Tulikuwa tunajua.